Asubuhi Nne za Salapia

"Tarehe tisa Machi!" Salapia aliipiga ile barua kwa mgongo wa kiganja. "Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Wifi, nakuuliza kwa mara ya tatu: tarehe tisa Machi wewe ulikuwa wapi?"

"Punguza sauti. Mtoto yuko bafuni."

"Mtoto namjua, nimemlea. Ulikuwa wapi?"

Edesia alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja cha kazi mguuni, kingine mkononi. Alijua alikokuwa. Alikuwa papo hapo, juu ya kitanda hicho hicho, kanga kichwani, akimlilia mama yake aliyekuwa anazikwa Kamachumu bila yeye kuwepo.

"Basi nitakusaidia," Salapia alisema. "Ulikuwa umekaa matanga. Binti hukaa mkekani, mkwe hufanya kazi, ndivyo tulivyolelewa, na mimi mkwe nikafanya kazi. Nani alikwenda nyumba ya vioo badala yako? Nani alivaa glavu zako siku nne, amejifunga kitambaa usoni kama jambazi?"

"Wewe."

"Mimi! Halafu leo natafuta chanuo chini ya godoro, chanuo tu, waitu, nakutana na barua. 'Asubuhi nne bora za mwombaji Edesia Kaijage.' Mikono yangu imechumbiwa, imetolewa mahari, inaolewa leo saa tatu, na mwenyewe sina habari! Hata soda sijapewa!"

"Salapia, tafadhali."

"Ulijua tangu lini?"

Edesia angeweza kusema hakujua. Alishaandaa uongo huo, akaufanyia mazoezi usiku mwingi akiwa ameukabili ukuta. Lakini Salapia alikuwa amesimama karibu mno, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kujua jibu.

"Tangu Aprili. Matokeo yalipotoka."

"Miezi mitano," Salapia alisema taratibu. "Miezi mitano unakula chakula ninachopika, unaniambia 'wifi ongeza chumvi.'"

Huko Halmara, nchi ya mbali kaskazini, hakuna aliyekuuliza cheti wala umesoma wapi. Walikuuliza Mkono. Mwajiri aliyetaka mgeni wake abaki nchini moja kwa moja alitakiwa kuithibitishia Ofisi ya Ukaazi kwamba kazi ile haiwezi kufanywa na raia yeyote wala na mashine yoyote, na ushahidi ulikuwa kwenye glavu. Glavu nyembamba kama ngozi ya kitunguu, zilizonasa kila mkunjo wa kidole tangu maua yafunguke hadi yafunge. Kila mwisho wa Machi mtambo ulichagua asubuhi nne bora zilizofuatana, ukazitolea alama kati ya mia, na alama hizo ndizo zilizoitwa Mkono. Chini ya tisini, unaongezewa msimu mmoja mmoja mpaka wakuchoke. Tisini kwenda juu, mdhamini wako anaruhusiwa kukuombea ukaazi wa kudumu, nafasi moja tu kwa mwaka.

Na kazi yenyewe ilikuwa ni kuchavusha mlishi. Tangu ule mwaka ambao senene, wale panzi wa kuliwa, hawakuanguka Bukoba, na nyuki wakatoweka dunia nzima kama waliopigiwa kengele ya kuondoka, miji ya Kaskazini ilikula mmea huo uliotengenezwa maabara, mtambaazi wenye maganda marefu yenye unga. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu katika uhai wake. Ndani kuna ulimi mwembamba unaotenganisha dume na jike; unauinua kwa kijiti, unabana kwa dole gumba, basi. Ukizidisha nguvu hata kwa unywele mmoja, ua linakufa. Mashine zilijaribu, zikaua maua kwa maelfu. Ndipo mtu mmoja akagundua kwamba ua lile limefanana na vanila, na kwamba Kagera kulikuwa na wanawake waliokuwa wakifanya kazi hiyo tangu utotoni.

Ila si wote walioifanya sawasawa. Mama yake Edesia alimpeleka bintiye shule, akamfundisha vanila mkwewe Salapia. Wakala aliyewaleta Halmara yeye alitazama vyeti: Edesia mwenye stashahada akaandikwa mchavushaji, Salapia wa darasa la saba akaandikwa mfagiaji. Kwa miaka saba Mkono wa Edesia ulikuwa sitini na nane. Halafu mama akafa, na Mkono ukaruka hadi tisini na nne.

"Kibali changu kinaisha baada ya siku kumi na tisa," Salapia alisema. "Nilimwomba Madamu anipime, mara mbili, nikiwa nimeshika ufagio kama mwombaji wa kanisani. Akasema wafagiaji hawapimwi. Kumbe nilishapimwa!"

"Ukisema, tunaondoka wote. Kuvaa glavu za mwingine ni kosa. Unamkumbuka Projesta."

Hakuna aliyemsahau Projesta. Maofisa wa Ukaazi walimfuata mchana, maharage yakiwa jikoni, wakampa dakika kumi na begi moja. Maharage yaliungua, bweni zima likanuka siku mbili, na waliobaki ndio waliokwangua ile sufuria, kimya kimya, kwa zamu, kana kwamba wanaosha maiti.

"Na tukirudi, tunarudi wapi?" Edesia aliendelea. "Kibanja cha nyumbani tuliuza, mimi na wewe, tukapata nauli. Mama amezikwa kwa mjomba kama mgeni. Kemi alikuja hapa ana miaka miwili. Hajui hata mgomba ukoje. Nifanyeje?"

"Ungeniambia. Aprili, siku ile ile, ungeniambia: wifi, mikono yako imepata tisini na nne, tufikiri pamoja. Hilo tu."

Mlango wa bafuni ulifunguka, Kemi akatoka na povu la dawa ya meno kidevuni, sare ya shule imefungwa vifungo vibaya. Alikuwa na miaka kumi, mrefu kuliko umri wake. Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnagombana."

"Tunaongea," mama yake alisema.

"Mkiongea huwa mnacheka."

Salapia alimvuta, akamfungua vifungo, akavifunga upya kimoja kimoja kutoka chini. Vidole vyake havikutetemeka hata kidogo. Alipomaliza alimpa mkoba, akamsindikiza mpaka mlangoni, akasubiri hatua zake ziishe kwenye korido. Kisha akaikunja barua mara nne na kuirudisha ilipotoka.

"Sitasema, wifi. Nenda. Lakini mimi najua, na wewe unajua. Leo hutapimwa kwa karatasi. Mpimaji atasimama pale, atakutazama unachavusha maua arobaini, na Mkono wako ni sitini na nane."

Alichukua ufagio wake nyuma ya mlango, akatoka.

*

Chumba cha kubadilishia nguo cha Nyumba ya Tisa kilikuwa na benchi moja, ndoano ishirini na harufu ya mpira. Edesia alifika saa mbili na nusu. Alinawa mikono, akaikausha, akainawa tena.

Madamu Rimmen aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini, mvi zimekatwa fupi, buti za bustani mguuni. Nyumba kumi na mbili za vioo zilikuwa zake, na wanawake mia tatu walikuwa nchini kwa saini yake. Leo alibeba glavu yeye mwenyewe, kwenye sinia la chuma. Jambo hilo Edesia hakuwahi kuliona.

Madamu aliongea lugha yake, na kitafsiri sikioni mwa Edesia kikaleta Kiswahili. Kifaa hicho kilikuwa na sauti ya msomaji wa taarifa ya habari, sauti ile ile kwa habari njema na mbaya.

"Ndugu Edesia, je, una hofu?"

"Kidogo, Madamu."

"Ni haki yako. Jana nilikutazama kwenye safu ya tano. Katika maua arobaini uliua kumi na mawili. Ukifanya hivyo leo, mpimaji atauliza maswali, na mimi nitaonekana mdhamini asiyejua anachodhamini." Aliweka sinia kwenye benchi. "Kwa hiyo nimeacha marudio wazi."

Marudio yalikuwa kwa ajili ya wageni wapya. Glavu zilinasa mwendo wa vidole, na ukibonyeza chini ya kifundo zilirudisha mwendo huo kwenye vidole vya aliyezivaa, ili mwanafunzi ajifunze. Siku ya upimaji marudio hufungwa, na anayeyafunga ni mdhamini. Ofisi ilimwamini mdhamini kwa hilo.

"Vaa," Madamu alisema. "Jaribu."

Edesia alivaa. Madamu alichomoa ua moja mfukoni mwa aproni, jeupe, limefunguka nusu, akalishika mbele yake. Edesia alibonyeza.

Vidole vyake vikaondoka. Hilo ndilo neno aliloweza kulipata: viliondoka, vikamwacha yeye nyuma. Kijiti kiliinuka, ulimi ukapanda, dole gumba likaja pole, likagusa, likarudi. Halafu, kazi ikiwa imekwisha, kidole cha mwisho kikagonga shina mara moja, kama mtu anayemgusa mtoto begani na kumwambia nenda.

Edesia aliuvuta mkono kama aliyeungua. Kugonga kule alikuwa amekuona maelfu ya mara. Mama yake hakuacha ua lolote bila kuligonga. Salapia alikuwa amejifunza kila kitu kwa yule mzee, hata yale yasiyo na maana, na sasa mkono wa marehemu ulikuwa umeingia ndani ya mkono wake kama kwenye soksi.

"Madamu," alisema. "Huu mkono..."

"Najua ni wa nani. Kuna kamera juu ya kila mlango. Mfagiaji wako hutembea kama mwanamke aliyejitwika mtungi, na wewe huburuta miguu."

"Ulijua tangu Machi?"

"Tangu siku ya kwanza, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nilikuwa ninakunywa kahawa. Niliiacha ikapoa."

"Basi kwa nini hukumwombea yeye?"

Madamu Rimmen aliketi kwenye benchi, akanyoosha miguu. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali alilokuwa akilisubiri.

"Mkaazi wa kudumu ni mtu huru. Kesho yake anaweza kuhamia nyumba za jirani yangu. Nimewapatia ukaazi watu kumi na mmoja. Wanane waliondoka kabla ya mwaka kwisha, na wote hawakuwa na mtu hapa. Mfagiaji wako hana mtu. Wewe una mtoto shuleni, mita mia sita kutoka hapa. Sasa pia una siri, na mimi nina picha. Wewe hutahama."

Kitafsiri kilisoma yote hayo kama kinavyosoma hali ya hewa.

"Na mkono wenyewe, Madamu? Huo ni wa Salapia. Yeye akiondoka..."

"Mkono uko kwenye glavu. Utabonyeza kila asubuhi. Inasemekana baada ya miaka mitatu au minne vidole huanza kufa ganzi, lakini hatuna hakika." Alisimama. "Binti yako ana vidole virefu. Nimemwona akipita. Akifikisha miaka kumi na sita nitamtafutia glavu za saizi yake. Napenda familia."

Alimpiga Edesia begani, polepole, mara mbili, akatoka.

Edesia alibaki amesimama. Ua lililochavushwa lilikuwa sakafuni, halijavunjika hata kidogo. Miaka sita, aliwaza. Kumi na sita toa kumi. Alifungua bomba, akalifunga. Hofu aliyoizoea ilikuwa ya kufukuzwa: gari, begi moja, dakika kumi. Hofu hiyo ilikuwa na mwisho. Gari lingefika mahali, angeshuka. Hii nyingine haikuwa na mahali pa kushukia. Atakuwa na kitambulisho cha kijani, atakuwa na haki zote zilizoandikwa nyuma yake, na kila asubuhi atabonyeza chini ya kifundo na kumtazama Madamu usoni aone ameamkaje. Kisha siku moja Kemi atakaa kwenye benchi hili na kunyoosha mikono apimwe saizi.

Kengele ya saa tatu ililia.

*

Ndani ya Nyumba ya Tisa maua yalikuwa yamefunguka yote, safu arobaini, meupe mpaka kwenye ukuta wa mwisho ambako nje ya kioo theluji ya Septemba ilikuwa imeanza. Yangefunga saa tano.

Mpimaji aliitwa Bwana Denn. Alikuwa na sweta la kijivu lililotatuka kiwiko na meza ya kukunja aliyoibeba mwenyewe. Hakuwa mkali wala mpole. Alikuwa kama karani wa posta. Madamu Rimmen alisimama nyuma yake na kikombe chake cha kahawa. Safu mbili mbele yao, Salapia alikuwa anafagia maua ya jana yaliyoanguka, anafagia na kurudia palepale, wala hakuinua macho.

"Edesia Kaijage," Bwana Denn alisoma. Naye alitumia kitafsiri, na sauti ilikuwa ile ile ya Madamu. Wote wawili walikuwa mtu mmoja sikioni mwake. "Kabla ya kiapo unaweza kujitoa. Anayejitoa haulizwi sababu. Ana siku sitini za kuondoka kwa heshima, na hazuiwi kuomba tena akipata mdhamini mwingine. Baada ya kiapo hakuna kujitoa. Ikigundulika umesema uongo, leo au miaka ijayo, safari ni siku hiyo hiyo, na mlango unafungwa miaka ishirini kwako na kwa watoto wako. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Weka mkono wa kulia juu ya meza. Sema: mkono huu ni wangu."

Maneno manne. Edesia aliweka mkono juu ya meza. Glavu iling'aa. Alikitazama kidole chake cha mwisho kama kidole cha mtu mwingine.

Angeweza kuapa. Angebonyeza, maua arobaini yangepona, na jioni angemwambia Kemi: tunabaki. Angeweza pia kujitoa, asiseme zaidi. Siku sitini. Hakuna atakayeuliza. Salapia naye ataondoka baada ya siku zake kumi na tisa, na hakuna atakayejua chochote isipokuwa wao wawili na kamera. Hiyo ilikuwa njia ya usalama, njia ya mtu mwenye akili zake. Lakini hapo Salapia angekuwa ameibiwa mara mbili, mara ya kwanza mikono, mara ya pili nafasi, na mwizi ni huyu huyu aliyekuwa akila chakula chake.

Njia ya tatu, kumtaja Salapia, haikuwa yake peke yake. Hilo lilimwogopesha kuliko kiapo. Aprili alikuwa ameamua kwa niaba ya mwenzake, na ndio maana wakafika hapa.

"Ndugu?" Bwana Denn alisema.

Edesia aligeuza kichwa, akaita kwa Kihaya. Kitafsiri hakikujua Kihaya. Bwana Denn aligusa sikio lake, akakunja uso. Edesia alimwambia wifi yake kwa haraka, kama wanawake wanavyorushiana maneno kutoka shamba hadi shamba: Madamu alijua tangu mwanzo. Alinichagua mimi kwa sababu nina mtoto, atufunge wote wawili. Mimi najitoa. Nikutaje au nisikutaje? Nikikutaja kuna kosa la glavu, wanaweza kukutoa leo. Sema wewe.

Ufagio ulisimama.

"Unaniuliza leo," Salapia alijibu, kwa Kihaya vilevile. "Afadhali umeuliza."

"Wifi, haraka."

"Watanipeleka wapi ambako siendi tayari? Kama ni kufukuzwa baada ya siku kumi na tisa au leo, begi ni lile lile." Alijifuta uso kwa mkono wa gauni, na Edesia aliona kwamba naye alikuwa amelia, zamani kidogo, pengine tangu asubuhi. "Nitaje. Ila utaje jina langu lote, siyo 'mfagiaji.'"

Edesia aliondoa mkono juu ya meza.

"Siapi," alisema kwa Kiswahili, polepole, ili kitafsiri kisipate kisingizio. "Najitoa. Naomba uandike sasa hivi."

Bwana Denn aliandika. Kidole chake kiligusa kioo cha kifaa mara moja, ikawa basi. Miaka minane ya Halmara ikawa siku sitini.

"Imeandikwa."

"Na mkono huu una mwenyewe. Asubuhi nne za Machi zilikuwa zake, nilikuwa na msiba. Anaitwa Salapia Mukabaranga. Ni yule pale. Mpime."

Madamu Rimmen aliweka kikombe kwenye reli ya safu. "Amechanganyikiwa kwa hofu," alisema. "Huwa inawatokea. Tumpeleke akapumzike."

"Madamu," Bwana Denn alisema bila kugeuka, "wewe ndiye mdhamini. Uliweka saini kwamba unamjua mwenye mkono. Je, unamjua au humjui? Kama ulijua si huyu, hilo ni jambo moja, na utapoteza haki ya kuleta wageni. Kama ulikosea, hilo ni jambo lingine."

Edesia aliinua macho tu, akaitazama kamera iliyokuwa juu ya mlango, akaitazama kwa muda mrefu. Madamu Rimmen alifuata macho yake. Shingo yake ilipanda wekundu kutoka kwenye kola mpaka masikioni.

"Nilikosea," alisema hatimaye.

"Vizuri. Kuvaa glavu za mwingine ni kosa, na nitaliandika dhidi ya wote wawili. Litaamuliwa na wengine, sijui wataamuaje, wala siahidi kitu." Bwana Denn aliitazama saa yake. "Lakini mkono uliotajwa mbele ya mpimaji lazima upimwe siku hiyo hiyo, na maua yanafunga saa tano. Nafasi ya mwaka huu iko wazi sasa. Je, mdhamini anamkubali huyu apimwe, au anaiacha nafasi?"

Maji yalidondoka mahali fulani kwenye mabomba. Madamu alizitazama safu arobaini za maua, akamtazama Salapia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, kwa macho ya mtu anayejua hasa anachokitazama.

"Apimwe," alisema. "Na marudio yafungwe."

"Yalikuwa wazi?" Bwana Denn aliuliza.

Madamu alikichukua tena kikombe chake. Bwana Denn aliinama, akayafunga mwenyewe kwenye glavu, akaandika kitu kirefu.

Salapia aliegemeza ufagio kwenye kioo. Alitembea kuja mezani, mgongo wima, taratibu, na alipofika Edesia aliona kwamba mikono ile ambayo asubuhi ilifunga vifungo bila kutikisika sasa ilikuwa inatikisika yote miwili, mpaka kwenye viwiko.

"Siwezi," Salapia alinong'ona. "Wifi, itaniangusha. Wananitazama."

"Hata mimi naogopa. Nyoosha."

"Na Kemi?"

"Kemi nitamwambia mwenyewe, mchana, akitoka shule. Nyoosha mikono, Salapia. Maua hayatakusubiri."

Salapia alinyoosha. Edesia alizivua glavu, zikiwa bado na joto lake, akazivuta kwenye mikono ya wifi yake, kidole kwa kidole, akilainisha kila mkunjo mpaka kwenye kucha. Alipomaliza kile cha mwisho alimpa kijiti. Kisha akasogea, akashika tawi la kwanza la mlishi kwa mikono yake mitupu, akaliinamisha mpaka ua likawa mbele ya macho ya Salapia.

"Anza," alisema.